Freti Zinazochana Kiganja: Tupa, Mafuta au Subira?

Mpiga besi akishuka jukwaani akiwa na mikwaruzo kwenye shina la kidole cha shahada na ubavuni mwa gumba, maelezo humjia kwa wingi kuliko dawa. Mmoja atamwambia gitaa lake ni la bei rahisi na chuma chake kibovu. Mwingine atasema tatizo ni mkono, bado haujakomaa. Wa tatu atamshauri aupake ubao mafuta, na wa nne atakuwa tayari ameshika tupa. Pande zote mbili za Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo na Rwanda, yaani Birere upande wa Goma na mitaa ya Gisenyi upande wa Rubavu, majibu haya manne hutolewa kwa uhakika ule ule. Hayawezi kuwa sahihi yote kwa gitaa moja.

Mkanganyiko huu una gharama. Anayewahi kupiga tupa anaondoa chuma ambacho hakirudi. Anayesubiri bila kujua anachosubiri anaendelea kuumia kila Jumapili. Uchambuzi huu unapanga chanzo cha makali hayo, unazipima njia zinazopendekezwa, kisha unauliza ipi inafaa kwa gitaa linaloishi kando ya Ziwa Kivu na kuvushwa mpaka mara kwa mara.

Gitaa lenyewe na mahali linapopigwa

Gitaa la besi la umeme lenye freti lilienea kuanzia mwaka 1951, Leo Fender alipolitoa lile aliloliita Precision. Jina lilitokana na freti zenyewe: besi kubwa ya kusimama haina freti, na mpigaji hutafuta sauti kwa kukisia na kwa mazoea, lakini vipande vya chuma vilivyopandwa kwenye ubao vilimpa sauti sahihi papo hapo. Usahihi huo ulikuja na deni. Gitaa lenye freti 20 lina ncha 40 za chuma, na kila moja imepangwa ukingoni pale pale ambapo mkono unapita.

Kwa besi, mkono unapita sana. Umbali kati ya daraja na kidaraja cha kichwani kwa kawaida ni milimita 864, na masafa kati ya freti moja na nyingine ni marefu kuliko ya gitaa la solo. Katika rumba ya Kikongo besi haikai mahali pamoja. Seben, ile sehemu ya kasi ya wimbo, ikianza, mpigaji huruka, huteleza na kurudi, na nyama ya mkono inasuguana na ukingo wa shingo katika kila safari. Ncha ambayo mpiga solo angeivumilia humchana mpiga besi ndani ya wimbo mmoja.

Eneo hili nalo halikosi wapigaji. Shule ya muziki ya serikali ya Rwanda ilianzia Nyundo, wilayani Rubavu, mwaka 2014, kabla ya kuhamishiwa Muhanga. Mwaka huo huo Goma ilianza kuandaa Tamasha la Amani. Kabla na baada ya hapo, makanisa ya miji yote miwili yamekuwa darasa la kudumu la wapiga vyombo. Katikati ya miji hiyo ipo Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu chenye msongamano mkubwa, ambacho vyakula, nguo na mitumba hukipita vikiwa kichwani, mgongoni au kwenye baiskeli. Gitaa ndani ya mfuko wake linaingia vizuri katika orodha hiyo.

Hali ya hewa ndiyo sehemu ya habari inayosahaulika. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Joto halipandi sana wala halishuki sana, lakini unyevu hubadilika kwa majira: mvua ndefu za itumba kati ya Machi na Mei, kisha kiangazi kirefu, impeshyi, kinachotawala Juni hadi Agosti. Mvua hurudi kuanzia Septemba, na kiangazi kifupi hujitokeza mwanzoni mwa mwaka. Gitaa linazihesabu siku hizi zote, hata likiwa limefungiwa ndani.

Makali yanatoka wapi

Watu husema freti “imetokeza” au “imeota”, kana kwamba chuma kimerefuka. Freti nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao hauathiriwi na unyevu kwa kiasi chochote cha kuhesabika. Joto huurefusha, lakini kidogo mno: freti ya milimita 60 ikipashwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi itaongezeka takribani sehemu mbili za mia za milimita moja. Hakuna kiganja kinachoweza kuhisi hilo. Kwa hiyo dhana kwamba jua limeirefusha freti iwekwe kando. Jua linahusika kwa njia nyingine: linakausha mti.

Chanzo cha kwanza, basi, ni ubao kusinyaa. Mti hunyonya na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Unapokauka haupungui urefu kwa kiasi cha maana; hupungua upana. Freti zimelala kuukatiza upana huo. Mti ukirudi nyuma, chuma kinabaki pale kilipokuwa, na ncha zinachungulia nje pande zote mbili.

Chanzo cha pili ni umaliziaji wa kiwandani. Kuzilainisha ncha moja moja ni kazi ya mkono na ya muda, na katika magitaa ya bei ya chini muda ndio wa kwanza kupunguzwa. Ncha hukatwa kwa mshazari zote kwa pamoja, gitaa likafungwa kwenye boksi. Chuma hakijapita ukingo wa mti, ila kila ncha imebakiwa na vipembe viwili vikali kama bati lililokatwa.

Chanzo cha tatu ni freti iliyoinuka. Chini ya kila freti kuna mzizi mwembamba uliozamishwa kwenye mfereji wa ubao. Mfereji ukilegea au gitaa likigongwa, ncha moja hunyanyuka. Hapo mpigaji anapata makali na pia uzi unaovuma vibaya kwenye freti hiyo na za jirani.

Vyanzo hivi vitatu vinatenganishwa kwa ukucha. Upitishe ukingoni mwa shingo, kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili wa gitaa. Ukijikwaa kila freti, pande zote mbili, mti umesinyaa. Ukipita bila kujikwaa lakini ukakwaruzwa unapotoka ukingoni kupanda juu ya freti, ni vipembe ambavyo havikulainishwa. Tatizo likiwa kwenye freti moja au mbili tu, na kipande cha karatasi kikaweza kupenya chini ya ncha, freti imeinuka. Kwa magitaa yenye ubao wa mepo uliopakwa vanishi ipo dalili ya ziada: vanishi iliyopasuka au kubanduka kwenye kila ncha huonyesha kwamba chuma kimeisukuma, yaani mti umerudi nyuma.

Vyanzo viwili vinaweza pia kukutana, na mara nyingi hukutana. Gitaa lililomaliziwa vibaya linaweza kuonekana salama likiwa bichi dukani, kisha likaanza kuchana baada ya mti kukauka kidogo. Ndiyo maana mabishano kati ya “ni kiwanda” na “ni hali ya hewa” hayaishi: kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Hesabu ndogo ya upana

Ukubwa wa mabadiliko unakadirika. Chukua mepo ngumu, mti unaotumika sana kwa shingo za besi. Ubao wa upana wa milimita 60, kama ule wa karibu na mwili wa gitaa, ukipasuliwa bapa hupungua takribani milimita 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka kwenye mti. Ukipasuliwa kwa kuelekea kiini cha gogo, hupungua karibu nusu ya hapo. Mti ukipoteza asilimia tatu, kila ukingo wa ubao wa bapa unarudi nyuma karibu milimita 0.3. Ukucha unaitambua hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza, besi huathirika zaidi kwa sababu shingo yake ni pana, na besi ya nyuzi tano zaidi ya ile ya nne. La pili, namna mti ulivyopasuliwa na kukaushwa ina uzito kuliko jina la mti au la kampuni. Wenge, mti mweusi wa misitu ya Kongo ambao kampuni ya Warwick ya Ujerumani iliutumia sana kwenye shingo za besi zake, na ambao jina lake linafahamika kwa wapenzi wa bendi ya Wenge Musica, nao husinyaa usipokaushwa vizuri. Kuwa mti wa kwetu hakuupi msamaha.

Lipo jambo jingine linalolihusu eneo hili moja kwa moja. Maelekezo mengi ya magitaa huandikwa kwa ajili ya nchi ambazo majira ya baridi huja na vipasha joto ndani ya nyumba, na hewa ya ndani ikakauka hadi unyevu wa asilimia 30 au chini ya hapo. Huko freti hutokeza kila mwaka, na watu hushauriwa kuongeza unyevu. Kando ya Kivu hakuna nyumba za aina hiyo. Gitaa la mtumba lililokauka Ulaya, au lililokaa miezi kadhaa katika duka lenye kiyoyozi huko Ghuba, linafika Gisenyi likiwa kavu kuliko litakavyokuwa baada ya kukaa ziwani. Kwa gitaa kama hilo, hewa ya hapa ni sehemu ya tiba. Kwa gitaa lililotengenezwa katika unyevu mwingi, kwa mti ambao haukuiva vizuri, safari inaenda kinyume: litaendelea kukauka hata baada ya kununuliwa.

Njia ya kwanza: kuvumilia

Wanaoitetea wanasema ngozi hukomaa, na kwamba wazee wa rumba walipiga magitaa mabaya kuliko haya na muziki ukatoka. Hoja hii ina nguvu moja: haigharimu kitu, na inampa mti muda wa kutulia. Kwa makali madogo, yanayosikika tu bila kukata, ni jibu la heshima.

Udhaifu wake ni kwamba sugu huota kwenye ncha za vidole vinavyobonyeza nyuzi, ilhali ncha za freti hukwaruza ubavu wa kidole na kiganja, mahali ambapo sugu haijengeki kwa urahisi. Mbaya zaidi ni tabia. Mkono unaoogopa ukingo hujifunza kujiinua, kifundo kinapinda, na mpigaji chipukizi anabeba mkao mbovu miaka mingi baada ya gitaa lile kuuzwa. Anayemhimiza mwanafunzi avumilie anamfundisha pia kukwepa.

Njia ya pili: kuulisha mti

Hapa kuna makundi mawili yanayochanganywa. Kundi la kwanza hupaka mafuta, kundi la pili huongeza unyevu.

Mafuta hayarudishi maji yaliyotoka. Yanachofanya ni kupunguza kasi ya maji kutoka na kuingia, na kuufanya ubao usio na vanishi uonekane hai. Kwa hiyo hayawezi kuurudisha ukingo uliokwisha kusinyaa. Mafuta ya kupikia huganda na kunata, hukusanya uchafu chini ya nyuzi na mwishowe hunuka. Kwenye ubao wenye vanishi hayaingii kabisa. Kuna hasara nyingine ambayo haionekani mara moja: mafuta yakizama kwenye mfereji wa freti, supaglu haishiki tena vizuri, na freti iliyoinuka inakuwa ngumu kurudishwa.

Kuongeza unyevu, kwa mfano kwa sponji mbichi iliyokamuliwa na kuwekwa ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, kisha kufungiwa na gitaa mfukoni, ni hoja yenye msingi. Mti ukirudishiwa unyevu hupanuka, na ncha zinaweza kumezwa. Nguvu yake kubwa ni kwamba hakuna kinachokatwa. Udhaifu ni muda, kwani kazi hii ni ya wiki kadhaa. Shingo nayo inaweza kupinda kadiri mti unavyovimba, na fimbo ya chuma iliyo ndani yake ikahitaji kurekebishwa. Katika miezi ya mvua, sponji kwenye mfuko uliofungwa huleta ukungu na kutu kwenye nyuzi na viungio vya umeme. Kwa gitaa linalokaa kando ya ziwa, kulitoa mfukoni na kulitundika ukutani mbali na dirisha la jua kunafanya kazi hiyo hiyo bila sponji.

Njia hii haigusi chanzo cha pili hata kidogo. Vipembe vilivyoachwa na kiwanda haviondolewi na unyevu.

Njia ya tatu: tupa

Hii ndiyo njia ya mafundi, na kazi yenyewe ni mbili ambazo si lazima zifanywe pamoja. Ya kwanza ni kusawazisha: tupa ndefu bapa inapitishwa ukingoni mwa shingo, mpaka chuma kilichopita mti kirudi usawa wa mti. Ya pili ni kuvunja vipembe: tupa ndogo inapitishwa kwenye pembe za kila ncha, mara chache na kwa mkono mwepesi, mpaka makali yawe mviringo. Kisha hufuata msasa laini kwa hatua, kwa mfano namba 400, 600 na 1000.

Tupa maalumu za freti ni adimu, lakini seremala yeyote ana tupa ya pembetatu ya kunolea misumeno. Ikisagwa meno ya kingo zake zikawa laini, inaweza kuvunja pembe za freti bila kuuchimba ubao. Ubao wenyewe hufunikwa kwa utepe wa karatasi, ule wanaoutumia wapaka rangi. Nyuzi hulegezwa au kutolewa. Mwenye kutumia sufi ya chuma kung'arisha afunike kwanza pikapu, maana ndani yake mna sumaku, na vumbi la chuma likinaswa humo halitoki kirahisi.

Nguvu ya tupa ni kwamba inatibu vyanzo viwili vya kwanza, inatibu leo, na vifaa vyake vinapatikana sokoni. Udhaifu wake ni kwamba haina kurudi nyuma. Mkono mzito hukata vanishi ya shingo. Mshazari ukilazwa mno, sehemu ya juu ya freti inapungua, na uzi wa G, ambao kwenye besi nyingi uko milimita chache tu kutoka ukingoni, huanza kuteleza nje mpigaji anapouvuta. Tupa haitibu freti iliyoinuka pia. Kuipiga tupa freti ya namna hiyo ni kuficha ugonjwa, kwani inatakiwa kwanza irudishwe chini kwa kugongwa taratibu au kubanwa kwa klampu na tone la supaglu.

Njia ya nne: kung'oa na kuweka mpya

Wengine husema ufumbuzi wa kweli ni freti mpya, hasa za chuma kisichoshika kutu. Kama freti za zamani zimechimbwa na nyuzi, hoja hii inasimama. Freti za chuma hicho hudumu, na uso wake ni laini mkononi.

Kama sababu pekee ni ncha kali, hoja inaanguka. Mti haujui chuma kilicho juu yake ni cha aina gani, na ukisinyaa, freti mpya zitatokeza kama za zamani. Tena chuma hicho ni kigumu na hula tupa, kwa hiyo ncha zake ni kazi zaidi kuzilainisha. Kung'oa nako kunaweza kubandua vipande vya ubao kando ya mifereji. Faida ya kweli iko mahali pamoja: fundi anayeweka freti mpya anaweza kuukata mzizi wake mfupi ili usifike ukingoni, na kuziba tundu lililobaki. Mti ukisinyaa baadaye, mzizi hautasukuma vanishi, ingawa kichwa cha freti bado kinaweza kuchungulia.

Wapo pia wanaosema zing'olewe zote, besi ibaki bila freti. Mpiga besi Jaco Pastorius alipata sauti yake kwa besi ya namna hiyo. Lakini huo ni uamuzi wa muziki, na kuufanya kwa sababu ya mikwaruzo ni kubadilisha chombo kizima kwa ajili ya kingo zake.

Kalenda na mpaka

Mpaka hapa tupa inaonekana kushinda. Swali linalobaki ni lini, na jibu lake limo katika majira.

Mti unapokuwa mkavu kuliko wakati wowote wa mwaka, ndipo chuma kinapotokeza zaidi. Ncha zikisawazishwa wakati huo, hazitatokeza tena zaidi ya hapo, mradi gitaa libaki katika hali ya hewa ile ile. Mvua zikija na ubao ukapanuka, freti zitakuwa ndani ya ukingo kwa sehemu ndogo ya milimita, jambo ambalo mkono hauna ugomvi nalo. Kinyume chake, anayesawazisha katikati ya itumba anasawazisha ubao uliovimba. Julai ikifika ubao unarudi nyuma, ncha zinachungulia upya, naye anamlaumu fundi kwa kosa la kalenda. Kwa Rubavu na Goma, basi, wakati wa kusawazisha ni mwisho wa impeshyi, Agosti, na kwa gitaa ambalo limekwisha kukaa hapa kwa msimu mzima.

Kuvunja vipembe hakufungwi na kalenda hiyo. Kunaondoa chuma kidogo mno, na kunaweza kufanywa hata wiki gitaa linapofika.

Mpaka nao unaingia kwenye mizani. Kazi kubwa kama ya kuweka freti mpya inataka gitaa likae kwa fundi siku kadhaa, na fundi anaweza kuwa ng'ambo. Historia ya karibuni inaonya. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa sababu ya Covid-19, na msafara wa kila siku wa Petite Barrière ukakatika ghafla. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Katika mazingira hayo, kuliacha gitaa upande wa pili ni kuweka rehani chombo cha kazi. Kwa wakazi wa mpakani, kazi inayoweza kumalizwa kwa siku moja, mwenye gitaa akiwa amesimama hapo hapo, ina thamani ambayo orodha ya bei haiionyeshi.

Upande wa pili wa hoja hii lazima utajwe. Kusubiri Agosti kuna maana tu kwa anayemiliki gitaa. Gitaa la kanisa linalopokezanwa na wapigaji watatu, au la kukodi kwa harusi, halina mtu wa kulifuatilia msimu mzima. Kwa chombo cha namna hiyo, kazi isiyo kamili iliyofanywa leo inaweza kuwa na faida kuliko kazi kamili inayosubiriwa na kusahaulika.

Mizani

Njia hizi zikiwekwa pamoja, ugomvi kati yake unapungua, kwa sababu kila moja inajibu swali tofauti. Uvumilivu unajibu makali madogo. Unyevu unajibu mti uliokauka ugenini. Tupa inajibu mti uliokwisha kutulia na kiwanda kilichofanya haraka. Freti mpya zinajibu freti zilizokwisha. Kosa la kawaida ni kuchukua jibu la swali moja na kulipeleka kwenye jingine: kulipaka mafuta gitaa lenye vipembe, au kulipiga tupa gitaa lililoshuka jana kutoka kwenye baridi ya Ulaya.

Kwa gitaa la kawaida la eneo hili, hoja zenye uzito zaidi zinaelekea kwenye kazi ya awamu mbili. Awamu ya kwanza ni mara gitaa linapofika: kupima kwa ukucha, kurudisha chini freti zilizoinuka, na kuvunja vipembe tu ili mkono usikatwe. Awamu ya pili ni baada ya gitaa kupita msimu wa mvua na kufika mwisho wa kiangazi: kusawazisha kilichobaki, kama kimebaki. Katika magitaa mengi ya mtumba yaliyofika yakiwa makavu, awamu ya pili inaweza kuwa ndogo au isihitajike kabisa, maana hewa ya ziwa itakuwa imefanya nusu ya kazi. Katika magitaa mapya ya mti usioiva, awamu hiyo ndiyo itakayokuwa kubwa.

Mpango huu una udhaifu wake. Unamdai fundi akubali malipo madogo mara mbili badala ya makubwa mara moja, na unamdai mwenye gitaa akumbuke. Unadai pia gitaa lisihame. Bendi ikihamia Kinshasa au mpigaji akipata kazi Ulaya, mti utaanza hesabu mpya.

Kwa muhtasari

Freti haikui, mti ndio unaorudi nyuma, au kiwanda ndicho kilichoacha pembe. Ukucha unatosha kutofautisha. Mafuta hayarudishi upana wa ubao, na freti mpya hazizuii mti kusinyaa. Vipembe vinaweza kuvunjwa wakati wowote, lakini chuma kilichopita ukingo kisawazishwe mti ukiwa katika ukavu wake wa mwisho, ambao kando ya Kivu ni mwezi Agosti. Freti iliyoinuka irudishwe kwanza kabla ya tupa kuiona. Kwa mpiga besi wa Petite Barrière, anayepiga Goma na kulala Gisenyi au kinyume chake, kazi fupi zinazofanyika mbele ya macho yake ni salama kuliko kazi kubwa ng'ambo ya kizuizi ambacho kesho anaweza kukikuta kimefungwa.